Ndoo: shajara ya wimbo mmoja wa gitaa kavu, Lamu

9 Novemba

Kibwagizo kimekuja kabla ya wimbo. Nilikuwa kwenye boti ya Mokowe, gati la upande wa bara, nimekalia gunia la viazi la mtu, na injini inanguruma hata ukiimba kwa sauti hakuna akusikiaye. Ndiyo raha ya boti ile. Tulipofunga gatini Lamu nilikuwa na mistari miwili kamili:

Ndoo kusi haiyaya, mai hayana kishindo
Ndoo tule kwa pamoya, mkeka na mto kando

Nimehesabu mizani kwa vidole njia nzima mpaka nyumbani, nikipishana na punda wa mawe ya kujengea: nane kwa nane, kila kipande. Kwa asiye wa huku, ndoo ni njoo, haiyaya ni haijaja, mai ni maji, pamoya ni pamoja. Kiamu hakipatani na j. Anayeimba anamwita aliyesafiri arudi sasa, kaskazi ikivuma na bahari shwari, kabla kusi halijaingia likafungia vyombo vidogo ndani.

Mpango: gitaa kavu, lisilo la umeme, sauti yangu, basi. Na utoke kabla ya Aprili. Ukitoka kusi limeshaingia, maneno yenyewe yatakuwa uongo.

16 Novemba

Beti mbili. Nimezipeleka kwa bibi, mtaa wa Mkomani, nikamsomea. Ya kwanza ilianza hivi: "Naona nyota angani, moyo wangu taabani." Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Nyota?" akasema. "Kwani huko aliko hazipo?"

Kisha, bila kuinua uso: "Mkate wa mofa ndani, umepoa sahanini."

Nane kwa nane, na vina vimekaa. Mimi nilitumia siku nne kuzipata zile nyota. Nimezifuta.

Ubeti wa pili ameuacha: "Ni mekundu yangu mato, kama makaa ya moto." Mato ni macho. Ila aliniuliza swali ambalo limenikaa mpaka sasa. "Wamwita nani?" Nikasema namwita yeyote aliyeondoka. "Yeyote haitiki," akasema. Wote wawili twajua ni nani. Mdogo wangu yuko Mombasa mwaka wa tatu huu.

27 Novemba

Nyuzi. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na nyumba yangu iko hatua chache tu kutoka ufukweni. Seti mpya hung'aa wiki ya kwanza, ya pili zinafifia, ya tatu ukipitisha kidole unaona weusi kwenye ncha. Nimeagiza seti mbili kutoka Mombasa. Moja nitaifunga siku mbili kabla ya kurekodi, zivutike zitulie. Nyuzi za siku ile ile hulegea katikati ya ubeti. Mpaka hapo najizoeza na hizi zilizokufa.

6 Desemba

Nimetaka udi. Najua nilisema gitaa na sauti basi, lakini baada ya ubeti wa pili pana tundu la vipimo vinane ambalo gitaa langu linalijaza kwa maneno mengi yasiyo na maana. Nikamwendea mzee wa Langoni ambaye sote twamwita ammi, aliyekulia kwenye kanda za Zein l'Abdin na bado ana udi aliorithi.

Taabu ikaanza dakika ya kwanza. Udi hauna freti, vile vyuma vya shingoni vinavyogawa noti. Gitaa langu lina freti, na mimi nilikuwa nimeshika kodi ya E ndogo (kodi za muziki, zile nyingine tunazilipa kwingine). Ammi akafika kwenye sauti ya tatu ya ngazi na kuikanyaga mahali pasipo na jina kwenye gitaa: juu ya G, chini ya G kali. Tulipopiga pamoja ilikuwa kama watu wawili wanapita mlango mmoja. Nikabadilisha, nikashika E kubwa. Vibaya zaidi.

"Sauti yangu iko mahali pake," ammi akasema. "Yako wewe ndiyo imefungwa."

Kweli tupu. Basi nikaitoa kabisa sauti ya tatu kwenye kodi. Kidole cha kwanza na cha pili kwenye freti ya 2, uzi wa tano na wa nne. Kidole kidogo kikanyooka mpaka freti ya 4 ya uzi wa tatu. Nyingine zote wazi. Yanabaki E na B tu. Kodi haina furaha wala huzuni, imeacha nafasi tupu katikati, na udi ukaingia hapo ukakaa kama mwenye nyumba. Kidole kidogo kinaniuma. Tumepiga mara sita na hatukuzungumza tena.

Mashine ya kuhesabu mapigo ameikataa. Nilimwekea 76 kwa dakika masikioni, akavua baada ya vipimo vinne: "Kuna mtu anagonga mlango." Kwa hiyo tutarekodi pamoja, chumba kimoja, tukiangaliana. Maana yake ni kwamba mmoja akikosea tunarudia wote, na sauti ya udi itaingia kwenye maiki yangu, na yangu kwake. Nimekubali.

20 Desemba

Chumba ni cha bibi. Nyumba ya mawe, kuta nene za matumbawe na chokaa, vumbi la chokaa linadondoka ukiegemea. Upana wake, kama vyumba vyote vya zamani Mkomani, umeamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari: nimepima kwa tepu, mita 2.8. Urefu ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nikakaa katikati na kupiga. Kila nilipofika B ya uzi wa tano freti ya 2, chumba kizima kikavuma, sauti ikajaa kama pipa. Noti nyingine zilitoka sawa. Nikabadilisha maiki, nikabadilisha gitaa, wapi. Na kodi niliyopewa na ammi imejaa B mtupu.

Nikakaa na kalamu. Sauti kwa joto hili inakwenda karibu mita 347 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizotazamana kwa mita 2.8, wimbi linalotimia kwenda na kurudi ni la mitetemo 62 kwa sekunde, na linalofuata ni mara mbili yake, 124. B yangu ni 123.5. Chumba na noti ile ni ndugu. Wimbi hilo la pili hujaa kwenye kuta na katikati kabisa, pale nilipokuwa nimeweka kigoda, na kati ya hapo na ukuta hupungua karibu kufa. Nikasogeza kigoda na maiki mpaka sentimita 70 kutoka ukutani. B ikashuka ikawa noti kama wenzake. Bibi aliniona nikihamisha kigoda huku na huko akaniuliza natafuta kibla.

Kwa mwangwi: magodoro mawili ukuta mmoja, mikeka kwenye sakafu, na ule ukuta wa zidaka tumeuacha wazi. Vile vishimo vya zidaka huitawanya sauti, hairudi kwa pamoja. Aliyevijenga alikusudia vyombo vya kaure.

3 hadi 5 Januari

Usiku mitatu. Saa zetu ni kuanzia saa nne usiku, watu wakishaingia ndani na maboti yakishanyamaza, mpaka saa nane au tisa. Feni imezimwa, dirisha limefungwa, na joto hili la kaskazi. Ammi alivua shati akabaki na fulana na kikoi.

Usiku wa kwanza haukutoa kitu. Waya wa maiki ulikuwa na ufa mahali, na umeme ule wa volti 48 unaoamsha maiki ukawa unakuja na kuondoka. Kila ukirudi, puu. Tulipoupata waya mwingine punda wawili walikuwa na shauri lao uchochoroni, shauri refu.

Usiku wa pili tulikuwa tumeanza vizuri, saa tano na dakika kumi stima zikapotea mtaa mzima. Nilitaka kufunga kazi. Kisha nikasikia kile ambacho sikuwa nakisikia: friji ya jirani imenyamaza, pampu ya maji imenyamaza, na ule mvumo mwembamba kwenye spika za masikioni umeondoka kwa kuwa tarakilishi iko kwenye betri. Tukapiga gizani, mshumaa mmoja kwenye kidaka. Mara saba. Ya nane ndiyo iliyokuwa yenyewe, nilijua tangu mstari wa kwanza, na katikati ya ubeti wa tatu skrini ikazimika. Nilikuwa nimeona asilimia 11 nikajidanganya.

Programu ilikuwa imeokoa mpaka pale ilipokatika. Kwa hiyo usiku wa tatu tulirudi kupiga mwisho tu. Na uzi wa kwanza ukakatika, nikafunga mpya. Ndiyo maana wimbo huu, kuanzia katikati ya ubeti wa tatu, gitaa linang'aa kidogo kuliko mwanzo. Fundi anasema hakuna atakayesikia. Mimi nasikia kila mara.

Jambo jingine la usiku wa tatu. Bibi alikuwa macho, alikuja mlangoni na kahawa. Akasikiliza kibwagizo kisha akasema, mwenyewe, bila kuulizwa: "Imba na njoo pia."

Sikutegemea. Nilidhani yeye ndiye atakayenishikia fimbo nikiacha Kiamu. Neno ndoo kwa maana hii limo kwenye utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, nikamwambia, na yeye ndiye aliyenifundisha beti zake. "Mwana Kupona alimwita mwanawe aliye chumbani," akasema. "Weye wamwita aliye mbali, na wanawe wasema njoo. Ukimwita mtu, mwite kwa neno alipulikalo."

Na mato? "Mato yaache. Utapata wapi kina cha moto?"

Haiyaya na pamoya zingeweza kugeuka zote mbili, haijaja na pamoja, vina vikabaki salama. Mato hayageuki, macho na moto havijuani. Basi tukarekodi vibwagizo vyote mara ya pili, saa nane na nusu usiku, kwa njoo, haijaja na pamoja. Ammi alipiga pale pale bila kunung'unika; kwake, akasema, udi hauna j wala d.

29 Januari

Makaratasi. Nimeufungulia wimbo usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa mtandao. Kisheria haki huwa yako tangu pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa, cheti ni ushahidi tu, lakini nimeona watu wakigombana bila ushahidi. Mgawanyo wa utunzi: mimi 70, bibi 30 kwa mkate wake wa mofa. Ammi ana fungu lake kwenye rekodi. Bibi hakupenda kutoa nambari ya kitambulisho kwa ajili ya mstari mmoja. Nikamweleza kwamba haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza hizo za baada atazipokelea dirisha gani.

8 Februari, Malindi

Nimekuja na diski mfukoni. Fundi wa sauti ni kijana mwerevu, masikio yake makali kuliko yangu, na studio yake ina baridi ya kiyoyozi ambayo baada ya Januari ile niliona kama ugonjwa. Alisikiliza wimbo mzima amefumba macho. Alipomaliza:

"Mzuri. Lakini kwa nini unamwimbia ndoo?"

Alimaanisha ya maji. Amezaliwa hapa Malindi kwa wazazi wa bara. Akamwita msaidizi wake, akamwekea kibwagizo bila kumweleza. Msaidizi akasema ni wimbo wa mtu anayesubiri maji ya mfereji, na kusi ni jina la kampuni. Tukacheka wote, mimi kidogo.

Siku mbili za kazi. Alitaka ngoma, nikakataa. Alitaka kunyoosha sauti ya udi kwa programu ifuate noti za piano, nikamwambia akiigusa sauti ile ya tatu narudi Lamu kwa miguu. Hapo akanielewa. Tulichokubaliana: kupunguza mvumo wa chini kwenye maiki yangu, kuusogeza udi kushoto kidogo na gitaa kulia, na mwangwi kidogo sana kwa kuwa chumba cha bibi kimeshautia wake. Alitaka masta, yaani nakala ya mwisho, yenye kishindo. Nikamwonyesha kwamba Spotify huzishusha nyimbo zenye kelele mpaka karibu LUFS 14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya kilele, kwa hiyo tungejibana bure. Tukaiacha ipumue.

Nimerudi na faili mbili: Ndoo_masta_3 na Njoo_masta_3. Naziandika hapa kama zilivyo, sababu itaonekana.

2 Machi

Ramadhani. Hakuna kazi ya muziki na sikuitaka. Baada ya futari, kabla ya kwenda msikitini, dakika chache za kusikiliza matoleo mawili kwa simu. Nilikuwa nikijiambia nachagua kati ya Lamu na wengine wote, maneno makubwa makubwa, na hayakunisaidia kitu. Lililonisaidia ni sikio. Nj ina mvutano, ulimi unakwama kidogo kabla ya irabu kutoka, na neno linafika nyuma ya gitaa kwa unywele. Nd inagonga. Inafika pamoja na kidole gumba kwenye uzi wa sita. Kwenye wimbo usio na ngoma, ile d ndiyo ngoma yangu pekee.

Ndoo, basi. Nimemwambia bibi sababu. "Hiyo ni sababu," akasema, kwa namna ya mtu anayekubali bei.

13 Machi

Nimepakia. Tarehe ya kutoka: Ijumaa 27 Machi, Idi imeshapita na kusi halijaingia. Picha ya jalada ni mraba wa nukta 3000 kwa 3000, binamu yangu kaipiga kwa simu: mlango wa nakshi wa bibi, na kwenye baraza, ndoo ya bluu ya plastiki. Ilikuwa mzaha. Nimeitazama siku tatu nikaona hakuna picha nyingine. Nambari ya ISRC imetoka, herufi na tarakimu 12, kitambulisho cha rekodi hii na si nyingine.

24 Machi

Nilikuwa gatini nangoja boti, nikafungua kiungo cha kusikiliza kabla. Gitaa likaingia, langu, na sauti yangu ikasema: Njoo.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudisha. Njoo.

Nimepakia faili isiyo yake. Herufi moja. Fundi hakukosea, mwenye kusambaza hakukosea, ni mimi usiku wa kumi la mwisho, macho mekundu kweli kweli kama ya ubeti wa pili, nikagusa mstari wa chini badala ya wa juu. Jina la wimbo "Ndoo", picha ya ndoo, na ndani yake hakuna ndoo hata moja.

Nikaomba wabadilishe sauti tu. Haiwezekani: rekodi tofauti yahitaji ISRC tofauti, na wako sawa, ndiyo maana ya kitambulisho. Kuondoa yote, kupakia upya, kungoja. Tarehe mpya 10 Aprili.

Nilifikiria kuuacha utoke hivyo hivyo. Ammi nilipomweleza alinitazama kama mtu asiyeona tatizo. Nikaondoa.

10 Aprili

Umetoka. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, na upepo umekwishageuka. Jana mashua zilirudi mapema na tanga zimelowa. "Kusi haiyaya," naimba, na dirisha linagongagonga kwa kusi.

Toleo la njoo sikulitupa. Kipande chake kifupi nimekiomba kiwe mlio wa Skiza, kwa hiyo anayempigia mwenye mlio huo ataitwa kwa neno la bibi.

26 Aprili

Umesikilizwa mara 640. Spotify hailipi wimbo mpaka ufikishe mara 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo asilimia 30 ya bibi kwa sasa ni asilimia 30 ya hewa. Nilimweleza. Aliuliza kama hao 640 wote walisikia mkate umepoa. Nikasema ndiyo, upo kwenye ubeti wa kwanza. Akaridhika.

Mdogo wangu katuma sauti jana usiku, sekunde tisa, magari nyuma yake. Amesikiliza. Atakuja Idi ya kuchinja. Wakati huo kusi litakuwa limekaza sawasawa, lakini yeye anakuja kwa basi, na kutoka Mokowe kuingia mjini maboti hupita mwaka mzima. Sikulifikiria hilo nilipokuwa nimekalia gunia la viazi.

Bibi ameshauliza unga.